Mvuke Uliofungiwa Chunguni

Watoto, ingieni jikoni siku mama anapopika maharagwe. Mbabula imewashwa tangu asubuhi, sufuria iko juu yake, maji yanatokota, kifuniko kinarukaruka na kupiga kelele. Saa moja inapita, saa ya pili inapita. Mama anatoa punje moja kwa mwiko, anaibonyeza kwa vidole, anatikisa kichwa: bado ngumu. Anaongeza makala. Sasa maji yanatokota kwa fujo, lakini maharagwe hayana haraka.

Kwa nini makala yale hayakusaidia kitu? Wengi hudhani kwamba moto ukizidi, maji yanayotokota nayo huzidi kuwa ya moto. Sivyo. Maji yakiisha kuanza kutokota, joto lake halipandi tena. Nguvu yote ya moto unaoongezwa hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na mvuke hukimbilia nje. Mama amechoma makala yake kwa kuipasha moto hewa ya jikoni.

Tena sisi wa Lubumbashi tuna taabu moja zaidi. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kupita usawa wa bahari. Hewa ina uzito, nayo hulala juu ya maji ya sufuria na kuyagandamiza, kama kifuniko tusichokiona kwa macho. Kule Moanda, kwenye pwani ya Kongo, hewa iliyo juu ya vichwa vya watu ni nyingi kuliko yetu. Basi huko maji hayawezi kutokota mpaka yafike digrii 100. Kwetu kifuniko hicho cha hewa ni chepesi kidogo. Maji hupata njia mapema, hutokota kwenye digrii 96 hivi. Digrii nne si kitu kwa mtu anayetaka chai. Kwa maharagwe makavu ni kitu kikubwa.

Je, ingekuwaje kama tungeyagandamiza maji kwa nguvu kuliko hewa yote ya Moanda? Je, ingekuwaje kama tungeufungia mvuke ndani, usitoke? Mtu wa kwanza aliyelifanya jambo hilo kwa akili na kwa vipimo alikuwa Mfaransa, jina lake Denis Papin.

Papin alizaliwa mwaka 1647 huko Chitenay, kijiji kilicho karibu na mji wa Blois. Alisomea uganga mjini Angers, lakini wagonjwa hawakumvuta sana. Alipenda vyombo na majaribio. Mjini Paris alifanya kazi chini ya Christiaan Huygens, mtaalamu mkubwa kutoka Uholanzi. Huyo alikuwa akitafuta njia ya kuendesha mashine kwa baruti. Mwaka 1675 Papin akavuka bahari kwenda London, akawa msaidizi wa Robert Boyle katika majaribio ya hewa. Na hapo London, mwaka 1679, aliwaonyesha wataalamu wa chama kiitwacho Royal Society chungu chake kipya.

Kilikuwa chungu cha madini chenye kuta nene, na kifuniko chake kilibanwa kwa skrubu hata hewa isipate pa kupita. Papin alikipa jina lenye maana ya “kiyeyushaji”, kwa sababu kiliyeyusha chakula kigumu kama tumbo linavyofanya. Hakukitengeneza kwa ajili ya nyama nzuri. Alitaka kupika mifupa. Aliona ya kuwa nyama ni ghali, na huku mifupa iliyojaa chakula ndani yake hutupwa kwa mbwa. Kama mifupa ingelainika, maskini wangepata mchuzi wenye nguvu kwa bei ndogo.

Lakini ngoja kwanza. Kikombe kimoja cha maji kikigeuka mvuke kwenye hewa ya wazi, hujaza vikombe zaidi ya 1,600. Sasa ufungie mvuke huo katika chungu kisicho na nafasi. Utasukuma chini, utasukuma juu, utasukuma pande zote, na kadiri moto unavyowaka ndivyo msukumo unavyozidi. Mtu asiyefikiri angefunga kifuniko, angewasha moto, na chungu kingepasuka na kuwaua waliosimama karibu. Kwa hiyo, watoto, asijaribu mtu yeyote nyumbani kufunga debe au chupa ya maji na kuiweka motoni. Hata kidogo!

Papin aliijua hatari hiyo, na hapa ndipo ninapomsifu kuliko pote. Alitoboa tundu dogo katika kifuniko, akaweka kizibo juu ya tundu. Juu ya kizibo akalaza fimbo ya chuma. Ncha moja ya fimbo ilishikwa isiondoke, na kwenye ncha ya pili akaning'iniza uzito, kama wafanyavyo wauzaji wenye mizani ya fimbo sokoni. Uzito hukikandamiza kizibo, tundu linakaa limefungwa. Mvuke ukipata nguvu kupita uzito ule, hukiinua kizibo na kutoka kwa mlio. Msukumo wa ndani hupungua, na uzito hukirudisha kizibo mahali pake. Ukisogeza uzito mbele, mvuke wa ndani utakuwa na nguvu zaidi. Ukiurudisha nyuma, nguvu zitapungua. Hivyo chungu chenyewe kilijilinda, bila mtu kukisimamia. Kizibo cha namna hiyo twakiita vali ya usalama.

Alikuwa na shida nyingine: atajuaje joto la ndani? Kipimajoto cha zebaki cha Fahrenheit kilikuwa bado hakijatengenezwa. Papin alidondosha tone moja la maji juu ya kifuniko, akatazama uzi wenye uzito ukibembea, akahesabu tone linakauka kwa mibembeo mingapi. Likikauka upesi, ndani ni moto sana. Njia rahisi namna hiyo, lakini ilimtosha kuandika katika kitabu chake cha mwaka 1681 jinsi ya kupika vyakula vya aina nyingi.

Tarehe 12 Aprili 1682 wataalamu wa Royal Society waliketi kula chakula cha jioni kilichopikwa katika vyungu vya Papin. John Evelyn, aliyekuwa mmoja wao, aliandika habari za karamu hiyo. Mifupa ya ng'ombe na ya kondoo ilikuwa imelainika hata ikalika kama jibini, bila maji mengi wala makaa mengi. Walicheka, walikula, wakafurahi.

Sasa angalia kile kizibo kinachopanda na kushuka. Mvuke unakiinua, uzito unakishusha. Je, si mashine ndogo hiyo? Mvuke unaoweza kuinua kizibo waweza pia kuinua kitu kizito, kama ukipewa njia.

Papin alikuwa Mprotestanti. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV aliifuta sheria iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu katika Ufaransa, na tangu hapo Papin hakuweza kurudi kuishi katika nchi yake. Alikwenda Ujerumani kufundisha hesabu mjini Marburg, na huko mwaka 1690 aliandika habari za mashine yake ya mvuke.

Ilikuwa hivi. Chukua mrija mpana wa chuma, umefungwa chini na wazi juu. Huo waitwa silinda. Tia maji kidogo ndani. Ingiza pistoni, yaani kizibo kinene kinachoteleza juu na chini bila kuacha nafasi pembeni. Washa moto chini ya silinda. Maji yanageuka mvuke, na mvuke unaisukuma pistoni mpaka juu, ambako inanaswa na komeo. Sasa ondoa moto. Mvuke unapoa, unarudi kuwa maji kidogo yale yale, na mahali ulipokuwa panabaki patupu. Fungua komeo. Hewa ya nje, ile ile inayolala juu ya sufuria ya mama, inaisukuma pistoni chini kwa nguvu, na kamba iliyofungwa kwenye pistoni inainua mzigo. Baruti ya Huygens haikuweza kufanya hivyo vizuri, kwa sababu siku zote iliacha hewa ndani ya silinda. Mvuke hauachi ila maji.

Mashine ile ilikuwa ndogo tena ya polepole, kwa kuwa kila safari moto uliondolewa na kurudishwa. Papin hakupata tajiri wa kumlipia iliyo kubwa.

Mwaka 1707 alitengeneza mashua yenye magurudumu ya makasia, akaipanda pamoja na jamaa yake mjini Kassel, akashuka mto Fulda akitaka kufika Uingereza. Vitabu vingine husema mashua hiyo iliendeshwa kwa mvuke. Si kweli, magurudumu yalizungushwa kwa nguvu za watu. Lakini Papin alitumaini kwamba siku moja mvuke ungeshika kazi hiyo. Walipofika Münden, wenye mashua wa mahali pale, ambao peke yao walikuwa na ruhusa ya kupita mtoni, waliikamata na kuivunja vipande vipande. Aliendelea na safari mikono mitupu.

London haikumpokea kama zamani. Boyle amekwisha kufa, na rafiki wengi hawapo. Papin aliandika barua akiomba kazi na fedha za majaribio, akapata kidogo sana. Barua yake ya mwisho tunayoijua ni ya Januari 1712. Alizikwa London mwezi wa Agosti 1713, na kwa muda wa miaka 300 hivi waandishi wa vitabu hawakujua siku ile wala kaburi lile.

Na tazama: mwaka ule ule wa 1712, Mwingereza Thomas Newcomen alisimamisha karibu na Dudley mashine kubwa ya mvuke yenye silinda na pistoni, ikatoa maji katika mgodi wa makaa ya mawe. Baadaye James Watt aliona jinsi ya kuupoza mvuke nje ya silinda, na hivyo makaa yakapungua sana. Mwaka 1804 Richard Trevithick aliutumia mvuke wenye nguvu kubwa kuvuta mabehewa juu ya reli huko Wales.

Reli zikaenea duniani. Kwetu Katanga zilifika kutoka kusini, kupitia maporomoko ya Victoria, Ndola na Sakania. Tarehe 27 Septemba 1910 gari la moshi la kwanza liliingia Élisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Mwaka uliofuata tanuru ikaanza kuyeyusha shaba hapa hapa mjini. Fikiri mashine nzito za tanuru zingebebwaje vichwani mwa watu kutoka pwani!

Na gari la moshi lenyewe lilikuwa nini? Tangi refu la maji, moto ndani yake, mvuke uliofungiwa, pistoni zinazosukumwa na mvuke na kuzungusha magurudumu. Na juu ya mgongo wa tangi, vali ya usalama. Garimoshi liliposimama stesheni likitoa mvuke mweupe kwa mlio juu yake, mara nyingi ilikuwa ni vali hiyo ikifanya kazi aliyoibuni Papin kwa ajili ya mifupa ya ng'ombe.

Magari ya moshi ya namna hiyo yamekwisha kuacha njia kwa injini za mafuta na za umeme. Chungu cha Papin hakikuondoka. Ndiyo sufuria ya presha iuzwayo madukani. Ndani yake joto hupita digrii 115, hata hapa kwetu juu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa nusu saa hivi, na bukari haingoji mboga. Makala yanabaki mfukoni. Hilo si dogo, kwa maana miti ya misitu inayozunguka Lubumbashi hukatwa kila siku ili kupata makala, na wachomaji wanakwenda mbali zaidi mwaka kwa mwaka.

Ukitumwa kuitumia sufuria hiyo, itazame vali kwanza kwenye mwanga, uone kwamba tundu halina ganda la maharagwe. Usiijaze kupita nusu, kwa sababu maharagwe huvimba na kutoa povu. Ikianza kulia, punguza moto. Maharagwe yakiisha kuiva, iondoe motoni, ngoja mvuke uishe wenyewe mpaka vali ilale kimya, ndipo ufungue kifuniko.