Kindu: Njia za miguu zinahitaji mifereji kwanza, pave baadaye

Mtu anayetoka komine ya Alunguli kwenda katikati ya mji wa Kindu, jimboni Maniema, anavuka mto Lualaba kwa mtumbwi, kwa boti ao kwa bac. Halafu anapanda kingo ya Kasuku kwa miguu. Magunia ya mchele, bidoni za mafuta ya mawese, hata wagonjwa wasioweza kutembea, wanapitishwa kwenye njia hizo nyembamba.

Mvua kubwa ikinyesha, maji yanafuata njia ileile. Udongo unaelekea mtoni, mashimo yanabaki, na wapita njia wanalazimika kutembea barabarani katikati ya wamotari.

Kindu ni mji wa kale. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar na pwani ilifika Maniema kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na Kiswahili kikabaki. Mwanzoni mwa karne ya 20, reli ya kati ya Kindu na Kongolo ikajengwa, na mizigo ikaanza kushushwa kwenye treni na kupakiwa kwenye boti za kwenda Ubundu. Kati ya gare na bandari, mji ukakua.

Kule Zanzibar ambako misafara ilianzia, Mji Mkongwe nao umepitia tatizo hili. Tippu Tip, aliyetawala biashara ya Maniema kutoka Kasongo, alifariki huko mwaka wa 1905, na nyumba yake ingali imesimama mtaa wa Shangani, ndani ya vichochoro ambamo gari haliingii.

Kisha mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali na kupangishwa vyumba vyumba. Ukarabati ukakosa mwenyewe. Mabomba ya paa yalipovunjika na mifereji kuziba, maji yaliingia chini ya kuta za mawe na chokaa. Mwaka wa 1985 serikali iliunda mamlaka ya kuhifadhi mji huo, na mwaka wa 2000 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, Disemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilianguka na watu wawili wakafariki. Cheo cha UNESCO peke yake hakizuii ukuta kuanguka.

Vichochoro hivyo vina jambo lingine la kuiga: baraza, yaani viti vya mawe mbele ya nyumba. Wazee wanaketi hapo, na mvua ikijaa chini, watu wanapita juu yake. Anayeketi mbele ya njia kila siku ndiye wa kwanza kuona mfereji umeziba.

Kwa Kindu, kazi inaweza kufuata utaratibu huo: kwanza kuchimba kanivo na kuipa maji mahali pa kutokea bila kukata kingo ya mto, halafu kupanga mawe, na mwisho pave kama pesa ipo. Salongo inaweza kufukua mifereji kwa jembe na chepeo. Lakini sementi na vifuniko vinahitaji bajeti ya komine, na kila avenyi inahitaji mtu anayejulikana, mwenye kazi ya kuangalia mfereji baada ya kila mvua. Bila mtu huyo, pave mpya zitafuata udongo mtoni.