Mguu Ulioteguka na Mbio za Jangwani

Yapo mashindano ya mbio ambayo hayaishi kwa siku moja. Watu hukimbia leo, hulala, na kesho huamka wakakimbia tena. Huenda hivyo hivyo karibu wiki nzima. Tena hawakimbii barabarani. Hukimbia jangwani, kwenye mchanga na jua kali.

Mashindano ya namna hii yanayojulikana sana hufanyika Moroko, katika jangwa la Sahara. Jina lake ni Marathon des Sables, maana yake mbio ndefu za mchangani. Yalianza mwaka 1986. Urefu wake ni kilomita 250 hivi. Hiyo ni zaidi ya kutoka Morogoro mjini mpaka Dar es Salaam. Mkimbiaji hubeba mgongoni chakula chake cha siku zote na nguo za kulalia. Maji hupewa njiani. Mmoroko mmoja, Lahcen Ahansal, alishinda mbio hizi mara 10.

Je, habari hii inatuhusu nini sisi wa Mkuyuni? Inatuhusu sana. Kubeba mzigo siku hadi siku, kwenye njia mbaya, kwa miguu, ni kazi tunayoijua. Wakati wa mavuno mama mmoja anaweza kushuka mlima wa Uluguru kila siku na mkungu wa ndizi kichwani. Njia ina mawe na mizizi, na mvua ikinyesha huteleza. Mguu ukiteguka, nyumba nzima huyumba. Basi hebu tuone wakimbiaji hawa hufanya nini wanapoumia, maana na wao huumia.

Kwanza tujue kuteguka ni nini. Mifupa ya kifundo cha mguu imefungwa pamoja na kano, mfano wa kamba ngumu. Mguu ukipinda ghafla, kamba hizo huvutika, au huchanika kidogo, au hukatika kabisa. Damu huvuja ndani, na mguu huvimba. Siku mbili tatu za mwanzo, mguu uwekwe juu ya kitu, ufungwe bandeji isiyobana mno, ukandwe kwa kitambaa cha maji baridi. Wengi wetu hukimbilia maji ya moto na kuchua kwa nguvu. Siku hizo za mwanzo hiyo siyo dawa, huongeza uvimbe.

Lakini ikiwa mtu hawezi kupiga hata hatua nne, au mfupa unauma sana ukibonyezwa, au mguu umepinda, au vidole vimekufa ganzi, asingoje. Aende kituo cha afya, na akiambiwa apige picha ya mfupa, apige. Huenda umevunjika.

Uvimbe ukianza kupungua, usilale tu. Hapa ndipo wengi hukosea, wengine kwa kulala mno, wengine kwa kuwahi shamba. Kano huhitaji kuvutwa kidogo kidogo ili ipone ikiwa na nguvu. Zoezi la kwanza sisi tunalipenda sana. Kaa kwenye kigoda, nyanyua mguu, andika hewani kwa kidole gumba cha mguu: a, e, i, o, u. Kisha andika jina lako. Kumbe kusoma na kuandika kunatibu hata mguu! Baadaye simama ukijishika ukutani, nyanyua visigino, shusha polepole.

Zoezi jingine ni kusimama kwa mguu mmoja, ule ulioumia. Hili lina sababu yake. Ndani ya kano mna mishipa ya fahamu inayouambia mwili mguu umekaaje. Kano ikiumia, na mishipa hiyo huumia. Ndiyo maana mtu huteguka mguu ule ule mara ya pili na ya tatu, watu wakasema amerogwa. Hakurogwa. Mguu wake haujafundishwa tena kusimama.

Je, itachukua muda gani? Kuteguka kidogo huweza kupona kwa wiki mbili au tatu. Kukiwa kukubwa, hesabu wiki 6 hadi 12, na kano huendelea kukomaa kwa miezi.

Tunaye mfano wetu wenyewe. Ndugu John Stephen Akhwari, kutoka Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki kule Mexico tarehe 20 Oktoba, 1968. Alianguka njiani, akaumia goti vibaya. Alifungwa bandeji, akaendelea akichechemea, akamaliza wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia nzima humsifu kwa siku ile, na sisi tunamsifu. Ila jambo linalosemwa kidogo ni hili: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Siku ya Mexico ilitaka moyo. Kufika Edinburgh kulitaka mguu mzima.

Mkimbiaji wa jangwani anayetoka kuumia hurudi kwa ngazi. Huanza kutembea mahali tambarare, mikono mitupu. Kisha hukimbia kidogo na kutembea kidogo. Kisha hupanda mlima. Kushuka huja baadaye, kwa sababu kushuka huumiza miguu kuliko kupanda. Mzigo huja mwisho: kilo mbili, kisha nne. Kila asubuhi hujipima. Maumivu yakiwa yamekwisha usiku, huendelea. Yakiwa yamezidi, hurudi ngazi moja nyuma.

Kwetu ngazi hizo zinawezekana. Anza barabara kuu, siyo kijinjia cha mlimani. Beba chane mbili kabla ya mkungu mzima, na mwachie mwingine mkungu kwa mwezi huo, hata kama itabidi kumlipa. Shika fimbo wakati wa kushuka. Na ukiwa umekaa kivulini wiki nyingi, mwili umesahau jua. Huchukua siku 10 hadi 14 kulizoea tena, kwa hiyo siku hizo ondoka alfajiri, chukua maji, na saa sita pumzika.