Kutoka Kiti cha Mzee hadi Seti ya Sebuleni: Fanicha Zetu na Miti Inayozizaa

Ukishuka kwenye gari Kambu, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, huchukui muda kabla ya kusikia randa ikipita juu ya mbao. Vibanda vya maseremala vina vitanda, kabati, meza za chakula na mifupa ya sofa inayosubiri sponji na kitambaa. Wakazi wengi wamewahi kuuliza: kwa nini kile kiti kidogo cha babu kingali imara, ilhali seti iliyonunuliwa juzi tayari imelegea miguu?

Jibu la haraka ni kwamba watu wa zamani walikuwa mafundi bora. Jibu hilo si la kweli kabisa. Mtindo wa fanicha katika kila kipindi umefuata mambo mawili: mbao zilizopatikana karibu, na njia iliyoleta vitu kutoka mbali. Tukiyafuata hayo mawili tutaelewa tulivyofika hapa, na kwa nini uamuzi kuhusu mti wa mukau shambani ni uamuzi kuhusu fanicha pia.

Tuanze na kivila, kiti cha Mkamba. Kile cha mzee kilichongwa kutoka gogo moja, kikawa na miguu mitatu na mahali pa kukalia palipobonyea kidogo. Miguu mitatu haikuwa pambo. Ardhi ya boma haiko sawa, na kiti cha miguu minne huyumba mguu mmoja ukikosa pa kukanyaga. Kile cha mitatu hutulia popote. Tena, kwa kuwa ni gogo moja, hakina kiungo cha kulegea wala msumari wa kushika kutu. Mafundi wa Ukambani walijulikana kwa kazi ya waya mwembamba na mikufu midogo, na waya huo waligongelea kwenye uso wa kiti mpaka ukachora maumbo yanayong'aa. Mzee wa nzama alikwenda barazani na kiti chake pamoja na bakora yake, na vitu hivyo viwili vilimtambulisha kabla hajafungua mdomo.

Wakati huohuo pwani walikuwa na fikra tofauti ya cheo. Kiti cha enzi cha Lamu na miji mingine ya Waswahili kilikuwa kirefu, kimenyooka mgongo, kina mahali pa kuweka mikono na pa kukanyagia, na mgongo wake ulisukwa kwa nyuzi ndani ya fremu nyeusi iliyotiwa vipande vya pembe au mfupa. Kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Hapo seremala hakuchonga gogo: aliunganisha vipande vingi kwa ulimi na tundu. Ukambani na pwani hawakuwa wageni kwa kila mmoja. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na waya. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, alimpokea mmishonari Krapf mwaka 1849. Kwa hiyo waya uliopamba kiti cha mzee wa bara ulikuwa bidhaa ya biashara, sawa na pembe iliyopamba kiti cha tajiri wa pwani.

Meza na kiti cha mgongo vilikuja kwetu pamoja na misheni, reli na ofisi. Mwaka 1891 Waskoti walifungua misheni Kibwezi, jirani zetu hapa, kwa nia ya kufundisha dini pamoja na kazi za mikono. Malaria iliwaandama, na mwaka 1898 misheni ikahamia Kikuyu. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita sehemu hizi na kufika Nairobi mwaka 1899. Baadaye, mwaka 1924, serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi Kabete, na useremala ulikuwa miongoni mwa kazi zilizofundishwa huko. Fundi aliyetoka chuo cha namna hiyo alirudi kwao na msumeno, randa, patasi na rula. Alijua kutengeneza dawati, kabati la vyombo na kitanda cha mbao. Kitanda cha fremu iliyosukwa kamba kiliendelea kuwepo, na katani ya kusukia haikuwa mbali, kwa kuwa shamba la mkonge la Dwa liko papa hapa Kibwezi.

Kuna jambo moja la historia hii ambalo kwa maoni yangu halijazungumzwa vya kutosha. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Tanganyika akiwa amejifunza uchongaji wa vinyago, na kutoka kwake kazi hiyo ikaenea Ukambani. Kufikia 1963 kulikuwa na chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kule Changamwe, Mombasa. Kazi hiyo ililisha na kusomesha familia nyingi, na hakuna anayepaswa kuidharau. Lakini iliwavuta wachongaji hodari kwenye twiga, vifaru na vichwa vya mapambo kwa ajili ya watalii, ikayavuta na magogo bora ya mpingo na muhugu. Kivila cha waya kikaishia makumbusho na kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Wachongaji wenyewe waliona miti ile ikiadimika, na wengine wakageukia mwarobaini na mwembe.

Huku nje, dunia ilikuwa ikitafuta njia ya kutengeneza viti vingi kwa bei ndogo. Michael Thonet wa Austria alikunja mbao kwa mvuke, na mwaka 1859 akatoa kiti nambari 14, kilichokuwa na vipande sita tu na skrubu. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikapelekwa kwa meli na kuunganishwa vilikofika. Kabati za kufungasha zinazoshushwa Mombasa leo na kupita hapa kwenye malori na kwenye reli mpya ya 2017 zinafuata wazo hilohilo, ila mara nyingi badala ya mbao ngumu ni chipubodi, yaani mabanzi yaliyogandishwa kwa gundi. Kisha mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti cha plastiki cha kipande kimoja, kinachotoka katika kalibu kwa muda usiozidi dakika mbili. Ndugu wa kiti hicho ndiyo vile tunavyokodi kwa matanga, harusi na mikutano ya wadi. Inachekesha kidogo: baada ya karne nzima ya viungo na misumari tumerudi kwenye kiti kisicho na kiungo, kama kivila. Tofauti ni kwamba kivila hakipasuki mgeni mzito akiegemea.

Sasa turudi kwenye ile seti iliyolegea. Kosa kwa kawaida haliko kwenye mtindo. Seti kubwa ya mikono minene huficha fremu yake chini ya kitambaa, na mnunuzi hulipia asichokiona. Maseremala wetu kwa miaka mingi wametegemea saipresi na mikalitusi kutoka nyanda za juu. Februari 2018 serikali kuu ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ilidumu hadi rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Mbao zikapanda bei. Fundi mwenye mteja wa bei ya chini hununua mbao mbichi, kwa sababu kukausha ni muda na muda ni pesa. Mbao mbichi ikikauka ndani ya sofa husinyaa, na kiungo kilichokuwa kimekaza hubaki na nafasi. Msumari hauwezi kuziba nafasi hiyo.

Kabla ya kulipa, pindua kiti. Omba kuona fremu kabla haijavikwa. Uliza kama miguu imeunganishwa kwa ulimi na tundu pamoja na gundi, au imegongwa misumari tu. Bonyeza pembe mbili zinazokabiliana na usikilize mlio. Angalia kama kuna unga laini chini ya mbao, kwani hiyo ni alama ya bungua. Fundi mzuri hataudhika, atafurahi kupata mteja anayejua.

Na mbao nzuri iko karibu. Mukau ni mti wa asili wa nchi kavu za Afrika Mashariki, na Ukambani ni nyumbani kwake. Kiini chake ni chekundu-kahawia, hakishambuliwi kirahisi na mchwa, hukubali randa na vanishi, na wengi hukifananisha na mahogani. Ukitunzwa, huweza kuvunwa baada ya miaka 10 hadi 15, muda mfupi sana kwa mti wa mbao ngumu. Kizuizi cha zamani kilikuwa mbegu, ambayo imejifungia ndani ya kokwa gumu kama jiwe: lazima lipasuliwe kwa uangalifu, mbegu ikwaruzwe na kulowekwa. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kwa ushirikiano na Japani, ilichagua miti bora na kuanzisha mashamba ya mbegu Tiva, Kitui, na hapa Kibwezi.

Miti iliyopandwa wakati mukau ulipoanza kupendwa sasa imekomaa, na hapo ndipo hasara inapoingia. Mnunuzi huja, hutazama, na kutaja bei ya miti yote ikiwa imesimama. Wengine huiuza kwa ajili ya makaa. Kabla ya kukubali, pima. Chukua mzingo wa shina kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa urefu wa sehemu iliyonyooka, kisha ugawe kwa 12.57. Shina lenye mzingo wa mita 1 na urefu wa mita 3 lina takriban mita za ujazo 0.24. Uliza mbao kama hizo zinauzwaje dukani, ukikumbuka kwamba msumeno wa mnyororo hula sehemu kubwa ya gogo, na ujadiliane ukiwa na hesabu mkononi. Seremala wa Kambu naye anaweza kununua gogo moja kwa moja, alipasue, apange mbao kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, na asiziguse mpaka zikauke.

Kusafirisha mbao kutoka shambani kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, basi anza na ofisi yao kabla ya kuita lori. Anayetaka kupanda aulize kuhusu miche kwenye kituo cha KEFRI Kibwezi mapema, na mashimo yawe tayari kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo huku kwetu ndizo za kutegemewa zaidi. Machipukizi ya pembeni yang'olewe kwa kidole yakiwa bado laini, kwa sababu kila tawi linaloachwa kwenye shina changa litakuwa fundo kwenye ubao.