Mahindi Yenye Njaa Humwamsha Mwizi

Wengi wetu tumeuona ule mmea mdogo wenye maua ya zambarau katikati ya mahindi na mtama. Ndicho kiduha. Ukikiona kimechanua, ujue kimeshaharibu. Kiduha hushika mizizi ya mahindi na kunyonya maji na chakula. Mahindi hunyauka hata kama mvua ipo. Tunasema, eti shamba limerogwa. Halikurogwa, jamani. Mara nyingi shamba hilo lina njaa.

Chakula kimoja kinachokosekana ni fosforasi. Fosforasi husaidia mizizi kukua na huupa mmea nguvu. Mmea ukiikosa, mizizi yake hutoa dawa fulani udongoni. Dawa hiyo ni kama yowe la kuomba msaada. Huuita ukungu mwema ambao huuletea mmea fosforasi. Lakini mbegu za kiduha nazo hulisikia yowe! Zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Zikiipata dawa hiyo, zinaamka na kushika mzizi.

Wataalamu waliigundua dawa ya namna hiyo mwaka 1966, katika mizizi ya pamba. Mwaka 2005 ndipo ilipojulikana kwamba huuita ukungu mwema. Na utafiti wa mwaka 2017, uliofanywa kwa mmea mmoja mdogo, ulionyesha kwamba mmea wenye njaa ya fosforasi hupunguza ulinzi wake dhidi ya magonjwa. Ni kama mlinzi aliyeshinda na njaa.

Basi, tufanye nini?

1. Tulishe udongo. Tuweke samadi, na mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Kwetu Tanzania, mawe ya mbolea hiyo huchimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Tuifunike mbolea kwa udongo kidogo ndipo tuweke mbegu.

2. Tung'oe kiduha kabla hakijatoa mbegu. Kimoja tu hutoa maelfu ya mbegu.

3. Tubadilishe mazao. Pamba na karanga huziamsha mbegu za kiduha cha mahindi, lakini kiduha hicho hakiwezi kuzinyonya. Kinaota, kinakosa chakula, kinakufa.

Kiduha hakiishi kwa msimu mmoja. Tushikilie kazi hizi tatu mwaka hadi mwaka, tena pamoja na majirani. Tukilishibisha shamba, tumeanza kulilinda.