Kampuni Inaponunua Hisa Zake Yenyewe: Je, Ni Haki?

Mwezi Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka ya nchi nyingi, viwanja vya ndege vya Marekani vilibaki vitupu. Mashirika ya ndege ya nchi hiyo yakaiendea serikali kuomba msaada. Bunge likapitisha sheria iliyotenga dola bilioni 50 kwa mashirika ya abiria: nusu kwa ajili ya mishahara ya wafanyakazi, na nusu kwa mikopo. Ndipo wananchi wengi walipouliza: Je, faida ya miaka ya neema ilikwenda wapi?

Sehemu kubwa ya jibu ilikuwamo katika vitabu vya hesabu. Shirika la American Airlines peke yake lilikuwa limetumia zaidi ya dola bilioni 12, tangu mwaka 2014, kununua hisa zake lenyewe.

Jambo hili laeleweka kwa mfano wa duka. Watu watano wanamiliki duka kwa sehemu zilizo sawa. Mmoja wao anataka kuondoka. Duka linatoa fedha katika akiba yake, linainunua sehemu ya mwenzao na kuifuta. Wanne waliobaki sasa kila mmoja ana robo ya duka, ilhali hakuna aliyetoa hata senti moja mfukoni mwake. Lakini sanduku la fedha nalo limepungua.

Kwa miaka mingi makampuni ya Marekani yaliliogopa jambo hili, kwa kuwa sheria ya mwaka 1934 inakataza kuchezea bei za hisa. Mwaka 1982 tume inayosimamia masoko ya hisa ilitoa kanuni ya kuyakinga na shutuma hiyo makampuni yanayofuata masharti fulani. Mojawapo ni kwamba, kwa kawaida, ununuzi wa siku moja usizidi robo ya wastani wa biashara ya hisa hizo kwa siku. Tangu hapo desturi hiyo imekua sana.

Watetezi wake husema kwamba faida ni mali ya wenye hisa, na kampuni isiyo na kazi nzuri ya kuzipa fedha zake ni heri iwarudishie wenyewe kuliko kuzitapanya. Tena auzaye huuza kwa hiari yake. Isitoshe, miongoni mwa wenye hisa hao imo mifuko ya pensheni ya walimu, ya wazima moto na ya askari polisi wa Marekani.

Wapinzani nao hujibu kwamba wakurugenzi wengi hulipwa sehemu ya ujira wao kwa hisa. Bei ikipanda, wao ndio wa kwanza kunufaika, na wao ndio wanaoamua ununuzi ufanywe lini. Fedha hizo, wasema, zingeweza kuongeza mishahara, kununua mitambo, au kuwekwa akiba kwa siku ya dhiki.

Katika habari ya mashirika ya ndege, watetezi hueleza kwamba hakuna aliyetazamia dunia nzima kufungwa, na kwamba fedha za mishahara ziliwanusuru wafanyakazi wasiokuwa na kosa. Maneno hayo yana uzito. Hata hivyo, bunge liliweka sharti: mashirika yaliyopokea msaada yasinunue hisa zake kwa muda uliowekwa. Mwaka 2022 ikapitishwa sheria nyingine, inayotoza kodi ya asilimia 1 juu ya ununuzi wa namna hiyo kuanzia mwaka 2023. Kodi hiyo haikuuzima moto: mwezi Mei 2024 kampuni ya Apple ilitangaza mpango wa kununua hisa zake za dola bilioni 110.

Kugawa faida si wizi. Mkulima aliyevuna ana haki ya kuwagawia jamaa zake mavuno. Lakini akigawa hata mbegu, kisha mvua ikakosekana akaenda kubisha hodi kwa jirani, jirani huyo naye ana haki ya kuuliza. Haki ya ununuzi huu, basi, haipimwi siku ya neema tu, bali hupimwa pia siku ya njaa, kwa kumtazama yule anayelipa gharama. Wahenga walikwisha kusema: akiba haiozi.