Meza Moja Huko Kericho

Wafaransa wana sifa ulimwenguni kwa mikahawa yao midogo ya mtaani. Mwenye mkahawa huwajua walaji wake kwa majina, na vyakula vya siku huandikwa kwa chaki ubaoni. Lakini raha hiyo si ya Wafaransa peke yao. Mimi niliionja Kericho, mji ulio mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mvua ya alasiri imezoeleka na mtu wa Pwani hatoki bila sweta.

Tulikuwa wanne: mimi na marafiki watatu Wakipsigis, wawili wa Kericho na mmoja wa Bomet. Wangeweza kunipeleka penye vileo na muziki. Badala yake mkubwa wao alisema, "Twendeni kwa Mama. Mwenzetu ni Mwislamu, asije akala huku roho ikimsuta." Neno hilo lilinikaa moyoni. Wengi wetu tusafirio bara hushinda kwa chai na mkate kwa kuona haya kuuliza habari za nyama. Wenyeji nao hudhani tumekidharau chakula chao. Haya ya namna hiyo hutenganisha watu bure.

Mkahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye meza sita, na jiko la kuni nyuma. Tulipokwisha kuamkiana, "Chamgei," Mama aliiona kofia yangu, akanieleza kabla sijauliza kwamba nyama yake imechinjwa na Mwislamu. Hilo si ajabu, kwani katika miji mingi ya Kenya kazi ya kuchinja hupewa Waislamu ili nyama iliwe na wote. Tukanawa, nikapiga bismillahi, tukala sinia moja: ugali wa wimbi, ambao wao huuita kimyet, mgagani uliopikwa kwa maziwa, na nyama ya kuchemsha.

Kisha yakaletwa maziwa ya mursik. Maziwa haya huchemshwa, yakapozwa, yakatiwa katika kibuyu kiitwacho sotet, ambacho ndani kimesuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Yakikaa siku kadhaa huganda na kuwa na rangi ya kijivu. Ndiyo wanayonyweshwa wanariadha wa Kenya wakirudi nyumbani na ushindi. "Yalevya?" nikauliza waziwazi. Hakuna aliyenuna. Mama alicheka: "Watoto wangu huyanywa asubuhi wakienda shule." Nikayanywa. Ni jamaa ya mtindi wetu, ila haya yananukia moshi.

Ubishi ulikuja kwenye chai. Rafiki wa Bomet, ambaye mamake huchuma majani mawili na chipukizi tangu alfajiri, aliniuliza Mombasa twainywaje chai yao. Nikamtajia tangawizi, iliki na mdalasini. "Basi ninyi mwanywa viungo, si chai!" akasema, na sote tukaangua kicheko.

Kisha akanyamaza kidogo, akasema kuwa mamake amechuma miaka mingi bila kujua majani yale huenda wapi yakishatoka kiwandani. Nikamweleza niyajuayo. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Humo chai ya Kericho na Bomet huuzwa pamoja na ile ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine, ikapakiwa melini kwenda Pakistan, Misri na Uingereza. Kumbe riziki yetu imefungwa kwa kamba moja, wao milimani na sisi bandarini, na ni wachache kati yetu waliopata kula pamoja.

Basi, ndugu msomaji, safari ikikufikisha huko, usijifungie chumbani na mkate wako. Kuuliza si ujinga, na mwenyeji mwema hufurahi kuulizwa kwa adabu. Hesabu ilipoletwa, wenzangu walikataa katakata nitoe hata senti. Wamekubali kuja Mombasa baada ya Ramadhani, inshallah, nami nimewaahidi biriani, na birika moja la chai isiyo na viungo.