Ugonjwa wa Zinaa: Dawa ni ya Wawili



Akina mama wengi huuliza: “Nimemaliza dawa, mbona ugonjwa umerudi?” Mara nyingi haukurudi wenyewe. Umerudishwa na mwenzi ambaye hakutibiwa.

Kisonono, kaswende na klamidia huweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Kwa hivyo mzee akisema “mimi sijisikii vibaya”, huo si uthibitisho kwamba ni mzima. Basi nendeni zahanati wote wawili. Msigawane vidonge vya mmoja, kwani nusu ya dawa haiponyi mtu, na vijidudu huizoea dawa. Msikutane kimwili mpaka wote wawili wamalize matibabu na siku 7 zipite. Mama mjamzito asingoje hata kidogo, maana kaswende inaweza kumwua mtoto tumboni.

Je, sheria za Kenya zinasemaje?

1. Sheria ya Afya ya Umma (Sura 242): anayemwambukiza mwingine ugonjwa wa zinaa kwa kusudi au kwa uzembe ana hatia.

2. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31: kila mtu ana haki ya faragha. Habari za ugonjwa wako si za kutangazwa barazani, wala kupelekwa kwa mama mkwe.

3. Sheria ya Ukimwi ya 2006: kifungu cha 24 kilimlazimu mwenye virusi kuwaarifu wale anaokutana nao kimwili, na kikamruhusu daktari kuwaarifu pia. Mnamo Machi 2015 Mahakama Kuu ilikibatilisha, kwa sababu maneno yake hayakuwa wazi na kiliingilia faragha.

Sasa, ati tunyamaze? Hapana. Mahakama haikusema tufichane. Aliyeahidi kumtunza mwenzake hangoji polisi amsukume kusema ukweli. Lakini tukumbuke pia kwamba mama anayeleta habari hii nyumbani ndiye hulaumiwa kwanza, hata kama si yeye aliyeleta ugonjwa. Anayeogopa kupigwa asiseme akiwa peke yake. Amwombe muuguzi au mshauri amsaidie kumwita mwenzi, waelezwe pamoja.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Kwa nini wanaume wetu huogopa kwenda kliniki na wake zao?
- Mwanachama akituamini na siri yake, je, tunaweza kuitunza?
- Kikundi kinaweza kumsaidiaje mama aliyekosa nauli ya kufika hospitali?